Walioshika Kisu na Waliosimama Nyuma Yao

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, madaktari na wauguzi mliopo, wanafunzi wa fani za afya, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie historia ya upasuaji wa moyo na madaktari walioufungulia njia. Kwa kawaida historia hii husimuliwa kama orodha ya mashujaa: fulani alikuwa wa kwanza kufanya hili, fulani wa kwanza kufanya lile, na kila jina lina tarehe yake. Siidharau orodha hiyo, kwa kuwa wengi waliomo wanastahili kuwamo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kuukata moyo hakukuwa kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ilikuwa kuulinda mwili wakati moyo unakatwa, na ukizifuatilia kumbukumbu kwa makini utaona kwamba tatizo hilo mara nyingi lilitatuliwa na watu ambao hawakushika kisu kabisa: seremala aliyekosa ada ya chuo, mke wa daktari, fundi wa vifaa vya umeme, na baba wa mtoto mgonjwa aliyekubali kulazwa kwenye kitanda cha pili.

Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, aliandika kwamba upasuaji wa moyo huenda umekwisha kufika kwenye mpaka uliowekwa na maumbile yenyewe, na kwamba hakuna mbinu mpya wala uvumbuzi mpya utakaoweza kuuvuka. Mwaka huohuo, tarehe 9 Septemba, mjini Frankfurt, Ludwig Rehn alikifungua kifua cha kijana wa miaka 22 aliyekuwa amechomwa kisu siku mbili kabla, akakuta jeraha la sentimita moja na nusu kwenye chumba cha chini cha upande wa kulia wa moyo. Alilishona kwa nyuzi tatu za hariri, akiipitisha sindano pale moyo ulipolegea kati ya pigo na pigo, na kijana yule akapona. Miaka mitatu kabla yake, huko Chicago, Daniel Hale Williams, daktari Mmarekani mweusi aliyeianzisha Hospitali ya Provident kwa sababu wauguzi na madaktari weusi walikuwa wakifungiwa milango kwingineko, alikwisha kushona utando unaouzunguka moyo wa mtu aliyechomwa kisu, na mgonjwa wake aliishi miaka mingi baadaye. Wapo wanaobishana hadi leo nani kati ya hao aitwe wa kwanza. Ubishi huo haunivutii sana, kwa sababu utando si moyo wenyewe, na jeraha la nje si kasoro ya ndani. Kila mmoja alifanya kazi yake.

Lenye uzito zaidi ni kwamba baada ya Rehn karibu nusu karne ilipita bila hatua kubwa kupigwa, na sababu yake ni rahisi kuitaja lakini ilikuwa ngumu mno kuiondoa. Ubongo ukikosa damu kwa dakika nne hivi huanza kuharibika. Jeraha la nje ya moyo linaweza kushonwa moyo ukiendelea kupiga, lakini tundu lililo kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vyake, au valvu (mlango unaoiruhusu damu kupita upande mmoja tu) iliyosinyaa, haliwezi kuonekana bila kuufungua moyo, na moyo uliofunguliwa ukiwa bado unapiga humwaga damu yote ya mwili mezani. Mwaka 1925 Henry Souttar wa London aliikwepa shida hiyo kwa ujasiri wa aina yake: aliingiza kidole katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa msichana na kuipapasa valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi bila kuiona, akaipanua kwa ncha ya kidole hichohicho. Msichana alipona, lakini madaktari wenzake hawakumpelekea Souttar mgonjwa mwingine wa aina hiyo, na zaidi ya miaka 20 ilipita kabla wengine hawajarudia kwa mafanikio alichokifanya.

Njia iliyofuata ilipitia mishipa mikubwa iliyo nje ya moyo. Mwezi Agosti 1938, huko Boston, Robert Gross aliufunga mshipa ambao kwa kawaida hujifunga wenyewe baada ya mtoto kuzaliwa, lakini kwa msichana wake wa miaka saba ulikuwa umebaki wazi. Mkuu wake wa kazi hakuwa amempa ridhaa. Gross alisubiri mkuu huyo aende likizo.

Nitakaa kidogo Baltimore, kwa kuwa hapo ndipo hoja yangu inapoonekana waziwazi.

Katika Hospitali ya Johns Hopkins kulikuwa na daktari wa watoto aliyeitwa Helen Taussig. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia, kwa hiyo mapigo ya moyo ambayo wenzake waliyasikiliza kwa chombo masikioni, yeye alijizoeza kuyatambua kwa vidole juu ya kifua cha mtoto. Kliniki yake ilijaa watoto waliozaliwa na midomo na kucha za buluu, watoto ambao wakitembea hatua chache huchuchumaa ili wapate pumzi. Wengi wao walikuwa na kasoro nne kwa pamoja, na mbaya kuliko zote ilikuwa kubana kwa njia ya damu inayokwenda kwenye mapafu. Taussig aligundua jambo ambalo lilihitaji macho ya mtu anayewafuata wagonjwa wake kwa miaka: watoto ambao ule mshipa wa Gross ulibaki wazi walikuwa na nafuu kuliko wenzao, na ulipojifunga hali zao zilidorora. Alimwendea Gross na kumwuliza kama angeweza kuutengeneza mshipa wa namna hiyo badala ya kuufunga. Gross hakuvutiwa na wazo hilo.

Ndipo Alfred Blalock alipohamia Johns Hopkins mwaka 1941 kuwa mkuu wa upasuaji, na mwaka 1943 Taussig alimweleza tatizo lake kwa lugha ya fundi bomba: je, haiwezekani kuyaunganisha mabomba upya ili damu nyingi zaidi ifike kwenye mapafu? Katika chumba hicho alikuwapo mtu wa tatu, Vivien Thomas.

Thomas alizaliwa Louisiana mwaka 1910 na kukulia Nashville. Alikuwa seremala, kama baba yake, na akiba yake ilikuwa ya kumpeleka chuo akasomee udaktari. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza alikosa kazi ya useremala, akaajiriwa mwaka 1930 katika maabara ya Blalock katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na mwaka huo benki iliyotunza akiba yake ikafilisika. Hivyo kazi aliyoichukua kwa muda ikawa kazi ya maisha. Huko Vanderbilt, ingawa alifanya majaribio, alipasua mbwa, alipima na kuandika matokeo kama mtafiti yeyote, kwenye orodha ya mishahara aliwekwa daraja la mfagizi. Blalock alipohamia Baltimore alisisitiza kwamba hatahama bila Thomas. Katika hospitali hiyo watu weusi walikuwa wafagizi na wapishi, na siku za mwanzo Thomas alipopita kwenye korido akiwa amevaa koti jeupe la maabara watu waligeuka kumtazama.

Kazi ya kulijibu swali la Taussig iliangukia mikononi mwake. Kwanza ilimpasa kumfanya mbwa mwenye afya awe na hali inayofanana na ile ya watoto wa buluu, kisha amrekebishe. Alifanya hivyo kwa takriban miaka miwili na kwa mbwa karibu 200, akijifunza jinsi ya kuukata mshipa unaopeleka damu mkononi, kuugeuza na kuushona ubavuni mwa mshipa wa mapafu bila mshono kuvuja wala kuziba. Sindano zilizokuwapo zilikuwa ndefu mno kwa mishipa ya mtoto, kwa hiyo alizikata na kuzinoa upya, na vibano vingine akavirekebisha au akashirikiana na watengenezaji kuvitengeneza. Mikono iliyozoea kuunganisha mbao haikuwa imepoteza kitu ilipohamia kwenye mishipa.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa chumba cha upasuaji mtoto wa kike wa miezi 15 mwenye uzito wa kilo nne tu hivi. Daktari wa usingizi alikuwa Merel Harmel, kijana ambaye bado alikuwa mafunzoni. Mezani alisimama Blalock, ambaye kwa mbwa alikuwa ameshiriki upasuaji huo mara moja tu. Kabla ya kuanza alitazama huku na huku na kuagiza Thomas aitwe. Thomas akaletewa kigoda, akapanda na kusimama nyuma ya bega la kulia la Blalock, na katika saa zilizofuata Blalock alimuuliza maswali kwa sauti ya chini: je, mkato huu unatosha kwa urefu? Sindano ielekee huku au kule? Mara nyingine Thomas alimkumbusha kabla ya kuulizwa kwamba mshono umeelekea upande usio wake. Mshipa wa mtoto yule ulikuwa mwembamba kuliko wa mbwa wote aliowapasua, na ukuta wake laini mno.

Mtoto huyo aliishi miezi kadhaa tu. Wengine wawili walifuata mwanzoni mwa mwaka 1945, na wa tatu alikuwa mvulana ambaye, vibano vilipofunguliwa, midomo yake iligeuka kutoka zambarau hadi rangi ya waridi mbele ya macho ya wote waliokuwapo. Mwezi Mei mwaka huo makala ilichapishwa katika jarida kuu la madaktari wa Marekani kwa majina mawili, la Blalock na la Taussig. Jina la Thomas halikutajwa hata katika shukrani. Wazazi wakaanza kumiminika Baltimore na watoto wao kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na jioni baadhi ya siku mtu aliyemwongoza Blalock mchana alikuwa akihudumia vinywaji kwenye karamu za Blalock ili mshahara utoshe kuwalisha wanawe.

Sisemi hivi ili kumfanya Blalock kuwa mwovu. Alikuwa mtu aliyekitambua kipaji cha Thomas pale ambapo wengine waliona rangi tu, alimtetea mara kadhaa, na pia aliuacha mfumo ubaki jinsi ulivyo. Yote mawili ni kweli. Thomas aliendelea kuifundisha mikono ya vijana waliopita katika maabara yake, na wengi wao, akiwamo Denton Cooley, wakawa majina makubwa ya fani hii. Mwaka 1976 Johns Hopkins ilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, lakini ya sheria, si ya tiba. Siku hizi waandishi wengi wanauita upasuaji ule kwa majina yote matatu.

Hata hivyo upasuaji wa Baltimore haukuugusa moyo wenyewe. Ule muda wa dakika nne ulikuwa haujashindwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Dwight Harken alikuwa ametoa vipande vya mabomu kutoka ndani na kandokando ya mioyo ya askari wengi bila kumpoteza hata mmoja, na hilo lilionyesha kwamba moyo ni mvumilivu kuliko ilivyodhaniwa. Lakini kutoa kipande cha chuma ni kazi ya sekunde, na kuziba tundu kunahitaji dakika nyingi. Mwezi Septemba 1952 John Lewis, huko Minnesota, alimpoza msichana wa miaka mitano hadi mwili wake ukafika nyuzi joto 28 hivi, ili ubongo uhitaji oksijeni kidogo, akaufungua moyo na kuliziba tundu katika muda wa dakika chini ya sita. Kwa kasoro ndogo ilitosha.

Aliyekusudia kuondoa kabisa kikomo hicho alikuwa John Gibbon. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa daktari kijana huko Boston, alikesha kando ya mwanamke aliyezibwa na damu iliyoganda katika mshipa wa mapafu, akitazama rangi yake ikizidi kuwa ya buluu, na asubuhi alipofanyiwa upasuaji hakuinuka. Gibbon akajiuliza kama isingewezekana kuitoa damu ile nje ya mwili, kuipa oksijeni na kuirudisha. Kwa zaidi ya miaka 20 alilifuatilia swali hilo pamoja na mkewe, Mary, ambaye alikuwa fundi wa maabara na mshirika kamili wa majaribio yao ya kwanza, waliyoyafanya kwa paka waliookotwa mitaani. Kikwazo kimoja kilikuwa kimekwisha kuondolewa na watu wengine: kupatikana kwa heparini, dawa inayozuia damu kuganda, kuliwezesha damu kupita katika mirija bila kugeuka donge. Wahandisi wa kampuni ya IBM wakasaidia kuijenga mashine ambayo ndani yake damu ilitandazwa kama utando mwembamba juu ya nyavu za chuma ili iguse oksijeni bila kupata povu. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, mashine hiyo ilichukua kazi yote ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa dakika 26, na tundu la moyo wake likazibwa. Wagonjwa waliofuata walifariki, na Gibbon, mtu mpole asiyependa makuu, akaacha kabisa upasuaji wa moyo. Wengine waliiboresha mashine yake.

Katika muda huo wa kungojea mashine bora, Walton Lillehei wa Minnesota alifanya jambo ambalo sidhani kama kamati yoyote ya maadili ya leo ingeliruhusu. Aliwalaza mtoto na mzazi wake kwenye vitanda viwili vilivyo sambamba, akaiunganisha mishipa yao kwa mirija na pampu moja, ili mapafu na moyo wa mzazi vifanye kazi kwa ajili ya wawili wakati moyo wa mtoto umefunguliwa. Wa kwanza, tarehe 26 Machi 1954, alikuwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na baba yake. Tundu lilizibwa vizuri, lakini mtoto alifariki siku ya 11 kwa nimonia. Wengine 44 walifuata, na kati ya wote 45, watoto 28 walirudi nyumbani wakiwa hai. Hakuna mzazi aliyekufa, ingawa mama mmoja aliumia ubongo. Wakosoaji walisema kwamba huu ni upasuaji pekee unaoweza kuua watu wawili kwa mpigo, na hawakukosea. Lakini watoto wale, wasingepasuliwa, wengi wao wangekufa wadogo. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuamua upande wa kusimama katika mjadala huo, na ninawaomba wanafunzi msiukimbie.

Tatizo jingine la Lillehei lilikuwa kwamba mshono wa kuziba tundu wakati mwingine uliharibu njia za umeme wa moyo, na mtoto akahitaji mashine ya kuuchochea moyo. Mashine hizo zilichomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika Minneapolis, na Lillehei akamwendea Earl Bakken, fundi aliyekuwa akitengeneza vifaa vya umeme vya hospitali na kuendesha karakana ndogo katika gereji, aiitayo Medtronic. Bakken alikumbuka mchoro wa kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, akaubadilisha, akautia betri na transista ndani ya kisanduku kidogo, na kwa muda wa wiki nne hivi akaleta kichocheo cha moyo ambacho mtoto angeweza kukivaa na kutembea nacho.

Kwa Christiaan Barnard sitachukua muda mrefu, kwa kuwa habari zake mnazijua. Alipata mafunzo yake kwa Lillehei huko Minnesota, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari, baada ya baba wa msichana kutoa ridhaa. Washkansky aliishi siku 18 akafa kwa nimonia. Mbinu ya kushona ilikuwa imefanyiwa kazi kwa miaka na Norman Shumway na Richard Lower nchini Marekani. Katika mwaka uliofuata, zaidi ya mioyo 100 ilipandikizwa duniani, wagonjwa wengi wakafa mapema, na hospitali nyingi zikaacha. Kilichoirudisha kazi hiyo ni siklosporini, dawa inayouzuia mwili kukikataa kiungo kilichopandikizwa, iliyotokana na kuvu aliyepatikana katika udongo ulioletwa kutoka Norway na mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz aliyekuwa likizoni.

Kuna jambo moja la Cape Town ambalo lazima nilisahihishe, kwa kuwa bado linazunguka katika simu zetu. Inasemwa kwamba Hamilton Naki, mtunza bustani mweusi wa chuo kikuu, ndiye aliyeutoa moyo wa Darvall usiku ule na kwamba alifichwa na utawala wa ubaguzi. Naki hakuwapo katika chumba hicho. Magazeti makubwa yaliyochapisha habari hiyo alipofariki mwaka 2005 yaliomba radhi na kujisahihisha. Ukweli wenyewe unatosha: alitoka bustanini akaingia maabara, akawa hodari wa kupandikiza viungo vya wanyama kiasi cha kuwafundisha madaktari vijana, na alistaafu kwa pensheni ya mtunza bustani. Hakuna haja ya kumpa alichokuwa hakukifanya ili astahili heshima.

Kwetu Tanzania, upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikawa taasisi inayojitegemea. Mgonjwa anayeingia humo mara nyingi ni yuleyule wa Souttar: kijana ambaye koo liliuma utotoni, likapuuzwa, homa ya baridi yabisi ikafuata na valvu ikasinyaa. Ulaya imemsahau mgonjwa huyo kwa kiasi kikubwa, sisi bado tunaye. Kidole cha Souttar nafasi yake imechukuliwa, kwa wagonjwa wanaofaa, na puto lililobuniwa na mpasuaji wa Japani, Kanji Inoue, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo na kujazwa ndani ya valvu bila kukifungua kifua. Kwa yule asiyefaa puto bado panahitajika kisu, na panapohitajika kisu panahitajika mtu wa kuiendesha mashine ya Gibbon; mtaalamu huyo huchukua miaka kumwandaa, na katika vyuo vyetu wanafunzi wachache sana huwa wamewahi hata kusikia kwamba kazi hiyo ipo. Vijana wawili au watatu mlio hapa mkiniuliza mnaweza kusomea wapi, nitafurahi kuliko mkinipongeza kwa hotuba.

Nimebakiza muda wa maswali, na ningependa tuanze na wauguzi.